Gari Lililomuuma Aliye Peku

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, Jumanne, mwezi wa Agosti, katikati ya miaka ya tisini. Saa hiyo siikisii. Niliiandika kwenye daftari palepale, kwa sababu nina tabia ya kuandika saa ya kila kitu kinachoharibika mbele yangu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la dada yangu, Mkuyuni, mjini Mwanza, upande wa ziwani, nikinywa chai ya baada ya kazi. Nyuma ya gari lake la kuuzia chakula sufuria likaanguka juu ya jiwe, na sauti ya mwanamke ikafuata.

"Yesu wangu! Limeniuma tena!"

Nilizunguka nyuma haraka. Mama aliyekuwa akimsaidia dada kuosha vyombo alikuwa amesimama peku kwenye udongo uliolowa maji ya vyombo, ameukumbatia mkono wake wa kulia kama mtu aliyeungua. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi hivi, mwembamba, mwenye maneno machache lakini makali. Nilimwuliza kama hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Ya tatu tangu juzi," alisema. "Ukishika bati, linakuuma hadi kwenye kiwiko."

Wateja wa dada walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya samaki, vijana waliokuja na mabuti yao meupe ya mpira, wakinuka sangara. Mmoja wao aliinuka na kupiga ubavu wa gari kwa kiganja, makofi mawili mazito.

"Mbona mimi halinijui?"

"Linawajua watu wa visiwani tu," mwenzake alidakia. "Bi mkubwa, uliondoka na deni la mtu huko?"

Walicheka. Na mimi, naona aibu kusema, nilitabasamu. Nililigusa gari kwa nyuma ya kiganja, jinsi nilivyosoma kwamba ndivyo inavyotakiwa, na sikusikia kitu. Miguuni nilikuwa na viatu vyangu vya kazini, soli nene ya mpira.

Nieleze gari lenyewe. Lilikuwa gari la kusafiria na kulala ndani, lenye kitanda kinachokunjwa kuwa meza, sinki dogo, pampu ya maji, jiko la gesi la mafiga mawili, na friji inayotumia gesi au umeme. Wazungu wawili, mume na mke, walikuwa wakizunguka nalo Afrika. Giaboksi ilikufa karibu na Usagara. Walilivuta hadi mjini, wakakaa majuma matatu wakingoja kipuri ambacho hakikufika, kisha wakaliuza na kuondoka kwa ndege. Dada yangu ndiye aliyelinunua, kwa shilingi laki tisa.

Laki tisa hizo zilikuwa kiinua mgongo chake. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo tangu akiwa msichana, na viwanda vilipoanza kupunguza watu, jina lake lilikuwa katika karatasi ya kwanza iliyobandikwa getini. Ndugu walimshauri anunue mashine ya kusaga. Yeye akanunua gari lisilotembea. Alipanga kipande cha kiwanja kwa mzee mmoja mstaafu, akaliegesha hapo kwenye njia ya wafanyakazi wa samaki, akakata dirisha ubavuni, akaanza kuuza chai na vitumbua asubuhi, wali na sato mchana, na soda baridi siku nzima. Soda baridi kweli, si ya kupozwa kwenye ndoo. Mtaani waliliita gari hilo Kobe. Katika miezi minne alikuwa anapata zaidi ya mshahara wake wa kiwandani.

Mimi nilikuwa mtunza ghala. Umeme sikuusomea mahali popote. Niliujifunza kutoka kwenye vitabu viwili vya mitumba, kimoja kikiwa hakina jalada wala sura ya kwanza, na kutoka kwenye makosa yangu. Nilikuwa na mita ya kupimia yenye mshale, msasa, bisibisi tatu na daftari. Vitabu na daftari nilivizoea kwa sababu ya dada. Sare na madaftari yangu ya miaka ya mwisho ya shule aliyanunua yeye, kwa mshahara wa kiwandani. Aliponiambia jioni ile, "Mdogo wangu, wewe si ndiye unayesoma mambo haya? Litazame," nisingeweza kusema nimechoka.

Lakini nilianza vibaya.

Siku ya Jumatano niliomba ruhusa kazini. Nilipofika, benchi lilikuwa na watu wawili badala ya kumi. Habari ilikuwa imetembea. Wapo waliosema wazungu wale waliacha kitu ndani ya gari. Wengine walisema gari lilimgonga mtu njiani na damu yake bado inadai. Fundi wa mtaani, yule aliyevuta umeme kutoka nyumbani kwa mzee hadi kwenye gari, alikuja na katambuga zake za tairi, akaligusa gari mbele, nyuma na ubavuni, akatikisa kichwa.

"Dada, hapa hamna umeme. Huyu mama ana mambo yake."

Mama aliendelea kusugua sufuria, ila sasa alikuwa ameliweka mbali na gari.

Mwingine aliyekuja asubuhi hiyo alikuwa mfuga kuku kutoka upande wa Nyegezi. Alilizunguka gari mara mbili, akafungua mlango, akapima urefu kwa hatua.

"Mama, mimi sihitaji injini wala umeme," alimwambia dada. "Nahitaji bati na madirisha. Litakaa kuku mia mbili hili. Nakupa laki tatu na nusu, taslimu."

"Laki tatu na nusu kwa gari la laki tisa?"

"Gari la laki tisa haling'ati wateja."

Dada alimwambia atafikiri. Nilimwona anavyouangalia mlango ule, nikajua kwamba ameanza kufikiri kweli.

Niliwasha taa za ndani, kisha nikafungua maji ili pampu ianze. Taa zikafifia. Moyo ukaruka kwa furaha, maana hilo nilikuwa nimelisoma. Katika gari, waya mmoja tu ndio unaotoka kwenye betri kwenda kwenye taa. Umeme hurudi kwa kupitia bati la gari lenyewe. Mahali waya unapofungwa kwenye bati pakiwa na kutu au rangi, umeme unahangaika kurudi, na taa hufifia kila kitu kingine kikiwashwa. Nikazifuata nyaya moja moja, nikaipata bolti chini ya friji ambapo nyaya kadhaa zilikuwa zimefungwa pamoja. Ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikawa ya rangi ya matofali. Nikaifungua, nikasugua bati kwa msasa hadi likang'aa, nikabadilisha bolti, nikapaka grisi, nikakaza. Taa zikawaka kwa nguvu, na pampu ilipoanza hazikutikisika hata kidogo.

Saa kumi na moja na robo jioni niliandika: "Chanzo: kutu. Limepona." Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Dada alifurahi hadi akanichagulia sato mkubwa. Mama wa Ukerewe alikuwa anafuta mikono. Aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Kwa hiyo mwalimu, hizo taa ndizo zilikuwa zinaniuma mimi?"

Tangu aone daftari alikuwa akiniita mwalimu. Nilimwambia kwamba mambo haya yanahusiana. Sikujua yanahusianaje, lakini nilisema.

Alhamisi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, alishika kitasa cha mlango wa nyuma kwa mkono wenye maji. Sikuwepo, nilisimuliwa. Safari hii halikumwuma hadi kiwiko tu. Lilimtupa. Aliangukia mgongo juu ya jiwe la kuoshea, na kwa dakika kadhaa vidole vya mkono wa kulia vilikataa kufunguka. Dada alituma mtu kunifuata ghalani, na ujumbe ulikuwa mfupi: nisije na msasa.

Nilipofika, mama alikuwa amekaa chini ya kivuli cha ukuta wa mzee, mkono umefungwa kitenge. Dada alikuwa amesimama, hajakaa tangu asubuhi.

"Nimempelekea ujumbe mtu wa kuku," alisema. "Jumamosi saa tatu aje na pesa zake."

"Dada, nipe siku mbili."

"Siku mbili za nini? Mimi sina kiwanda kingine cha kunifukuza ili nipate pesa nyingine. Laki tatu na nusu angalau nitaanza na mkaa. Mtu akifa hapa nitaanza na nini?"

Alikuwa sahihi kuhusu kifo, na hilo ndilo lililonifanya nione ujinga wangu wote mara moja. Volti kumi na mbili za betri haziwezi kumtupa mtu. Ukurasa ule niliusoma nikiwa kijana: umeme wa betri ya gari hauumizi mwili kwa kugusa. Kilichomtupa mama kilikuwa umeme wa nyumbani, ule unaotoka kwa mzee. Nilikuwa nimepata kosa la kweli, nikalirekebisha vizuri, na halikuwa kosa lenyewe. Mbaya zaidi, bolti niliyoibadilisha ilikuwa ndiyo hiyohiyo inayofunga ganda la friji kwenye bati la gari. Ile kutu ilikuwa inapunguza umeme uliovuja. Nilipoitoa, niliufungulia njia. Nilikuwa nimelinoa meno gari lile, kisha nikapiga mstari kwa rula.

Nilikwenda ukutani, nikachuchumaa mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na taa nyingine?"

"Nimekuja kuomba radhi. Jana ungeniuliza swali lako mara ya pili, labda ningekuelewa. Nimekosa mimi. Niambie kila kitu unachokijua kuhusu gari hili. Linauma saa ngapi, wapi, ukiwaje."

Alinitazama usoni. Nafikiri alikuwa anapima kama namcheka. Nilifungua daftari ukurasa mpya, nikangoja.

Alichoniambia nimekihifadhi hadi leo, kwa mwandiko wangu wa wakati ule. Alisema gari halimwumi akiwa ndani. Linamwuma akiwa nje tu, akisimama chini. Udongo ukiwa mkavu anasikia kama sisimizi. Ukiwa umelowa, ndipo linauma. Alisema siku ambayo umeme wa mtaa ulikatika na friji ikawashwa kwa gesi, alilishika gari siku nzima, halikumfanya kitu. Na mwisho akasema jambo ambalo hakuna kitabu changu hata kimoja kilichoweza kuniambia.

"Dada yako akipanga soda mpya, zile zinazotoka kwenye kreti zikiwa za moto, hapo ndipo linauma sana. Zikishapoa, linaacha. Mpaka apange nyingine."

"Una hakika?"

"Wewe una saa ya mkononi. Mimi nina mkono wenyewe."

Niliandika hivyo hivyo.

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake. Friji ile ikiwa kwenye umeme hufanya kazi kwa kipashio, kama kile cha pasi, ambacho huwaka friji ikiwa na joto na kujizima ikishapoa. Kipashio kilikuwa kimepasuka, na kila kilipowaka kilivujisha umeme kwenye ganda la friji, na kutoka hapo kwenye bati la gari zima. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo umeme huo haukuwa na pa kwenda. Ulikaa kwenye bati ukingoja mtu wa kuupitisha hadi ardhini. Wavaa mabuti hawakuwa njia. Mimi na soli yangu, fundi na katambuga zake, dada na raba zake, sote hatukuwa njia. Pale palikuwa na mtu mmoja tu asiyevaa viatu, kwa sababu kazi yake ilikuwa majini, na huyo ndiye tuliyemwambia ana mambo yake.

Nilifunga kamba kulizunguka gari mtu asilisogelee. Nikapigilia kipande cha nondo kwenye udongo uliolowa, nikaweka ncha moja ya mita kwenye nondo na nyingine kwenye bati. Dada akapanga kreti moja ya soda za moto. Mshale ukapanda hadi volti mia moja na arobaini. Nilipozima friji, ulianguka hadi sifuri. Dada aliona kwa macho yake. Akakaa chini, kwa mara ya kwanza siku ile.

Kungekuwa rahisi kuchomoa friji na kutangaza ushindi wa pili. Ila nilikuwa nimeshaumbuka mara moja. Niliuliza swali la pili: hata friji ikivuja, kwa nini umeme haukurudi ardhini kwa waya wake? Kila kifaa chenye ganda la chuma kina waya wa tatu, waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuubeba umeme uliovuja ili usimpitie mtu. Niliufuata kutoka kwenye friji hadi kwenye bati la gari, na kutoka kwenye bati hadi kwenye soketi ya nje. Ulikuwepo, mzima. Kisha nikafungua plagi ya waya mrefu uliotoka kwa mzee. Ndani ya plagi kulikuwa na nyaya mbili. Pini ya juu, ile ndefu, haikufungwa kitu.

Nikamwita fundi. Alikuja, akatazama, akashangaa ninachoshangaa.

"Pini ya juu? Hiyo si ya kufungulia tu? Umeme uko kwenye hizi mbili za chini."

Sikuweza kumcheka. Katika nyumba zote nilizozijua mjini, redio na pasi zilikuja na plagi za pini mbili, na soketi zetu zina matundu matatu. Ili pini mbili ziingie, unachomeka kijiti kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke. Nilikuwa nimefanya hivyo maisha yangu yote, kwa njiti ya kiberiti, na kwangu kilikuwepo kijiti cha mwanzi maalumu juu ya kabati. Mtu aliyejifunza umeme kwa mikono, bila kitabu, angejifunza nini zaidi ya kwamba tundu la juu ni la ufunguo? Mpaka siku ile sikuwahi kulihusisha tundu lile na waya niliousoma kwenye ukurasa. Niliyajua yote mawili, lakini kila moja kivyake.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Nyamagana, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Miaka kumi nyuma ungezunguka mji mzima kutafuta swichi moja ya taa ukaambiwa urudi mwezi ujao. Sasa maduka yalikuwa yamejaa vitu hadi barazani, na ugumu ulikuwa ni kulipa. Nilinunua mita ishirini na tano za waya wenye nyaya tatu, plagi imara, na swichi moja inayokata umeme yenyewe ukianza kuvuja, kitu nilichokuwa nimekiona kwenye picha tu. Muuzaji aliniuliza nyumba yangu ni ya ghorofa ngapi. Nilimwambia ina matairi manne.

Saa saba mchana waya mpya ulikuwa mahali pake. Nilipima tena, friji ikivuja kwa makusudi. Nilitarajia sifuri. Mshale ulisimama kwenye sitini.

Nilipima mara tatu. Sitini. Basi waya wa ardhi sasa ulifika hadi nyumbani kwa mzee, lakini kutoka hapo haukuwa unafika ardhini. Nilikwenda kumwamkia mzee mwenye kiwanja, nikamwomba nione fimbo ya shaba inayotakiwa kuwa imepigiliwa ardhini nje ya nyumba yake.

"Ipo," alisema. "Nililipia futi nne."

Tulifukua udongo kando ya ukuta kwa jembe. Kina cha shubiri moja hivi tukagonga jiwe, na fimbo ikatoka yenyewe mkononi mwangu kama karoti. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Mwanza ni mji uliokaa juu ya mawe, na yeyote aliyewahi kuchimba choo hapa anajua hivyo. Fundi wa siku zile aligonga mwamba, akakata iliyobaki, akafukia kipande kwenye udongo mkavu, akapaka saruji nadhifu juu.

Mzee aliishika fimbo ile, akaipima kwa mkono, akaanza kucheka hadi machozi yakamtoka.

"Miaka kumi na mitano! Na nilimwongezea kuku kwa kazi nzuri!"

Nilizunguka kiwanja kizima na nondo nikitafuta mahali inapozama. Kila mahali, shubiri moja au mbili, mwamba. Saa kumi ilikuwa inakaribia na jasho lilikuwa limeingia machoni. Mama wa Ukerewe alikuwa akinitazama kutoka ukutani, mkono bado kwenye kitenge.

"Mwalimu, unatafuta maji au unatafuta jiwe?"

"Natafuta udongo, mama. Wenye kina, usiokauka."

"Si ungesema." Akanyoosha mkono mzima kuelekea chini, upande wa ziwa, mahali magugu yalipokuwa mabichi katikati ya nyasi zilizoungua kwa jua. "Maji yangu ya vyombo yote huishia pale. Hata kabla dada yako hajaja, pale palikuwa na unyevu. Mguu unazama."

Hatua kumi na moja kutoka kwenye gari. Nondo ilizama kwa mikono, bila nyundo, hadi ikaniishia. Nikakimbia dukani kununua fimbo mpya ya futi nne na kibano chake, nikaipigilia hapo, nikaizungushia mkaa uliopondwa na chumvi, nikafunga waya kutoka kwenye fimbo hadi kwenye gari, na mwingine hadi nyumbani kwa mzee, kwa kuwa na yeye alihitaji. Nilipima saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kreti ya soda za moto ndani ya friji. Mshale ulitikisika, ukashuka, ukalala karibu kabisa na sifuri. Kisha nikaunganisha ile swichi. Nilipowasha friji mbovu, swichi ilijikata kwa mlio mdogo, kama mtu anayefyatua ulimi. Niliwasha tena, ikakata tena. Sijasikia mlio mzuri zaidi ya ule. Nikakifungua kipashio na kukitoa kabisa, friji ikaachwa itumie gesi.

Sikuandika "limepona". Niliandika vipimo tu.

Jumamosi saa tatu kamili mtu wa kuku alifika na gari la kuvuta lingine, mnyororo na bahasha. Wale wavaa mabuti walikuwa wamekuja pia, karibu wote, kutazama. Dada alimsalimu, kisha akanigeukia.

"Ndugu yangu hapa anasema limepoa."

"Alisema hivyo Jumatano pia, nasikia," alijibu mtu wa kuku, na watu wakacheka.

Nilifungua mita ili niwaonyeshe. Mama wa Ukerewe alinikatiza.

"Mwalimu, huo mshale hakuna anayeujua hapa ila wewe. Vua viatu."

Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Niliketi kwenye benchi, nikafungua kamba, nikavua viatu na soksi, nikakunja suruali. Alinimwagia ndoo ya maji mahali pale pale alipoangukia, bila haraka. Nikasimama kwenye tope. Niliamini vipimo vyangu, lakini miguu ilikuwa na mawazo yake. Kwa nyuma ya kiganja, kisha kwa kiganja kizima, nikashika kitasa cha mlango. Baridi ya chuma. Hakuna kingine. Dada akawasha kila kitu kilichokuwa ndani, taa, pampu, feni. Hakuna.

Kabla sijatoka topeni, mama alikuwa amekuja kusimama kando yangu, akaweka mkono wake wa kulia, ule ule, juu ya bati. Alikaa nao hapo kwa muda mrefu, akisikiliza kwa ngozi.

"Limenyamaza," aliwaambia watu. Na walimwamini yeye.

Mtu wa kuku aliirudisha bahasha mfukoni. Hakukasirika. Aliagiza soda, akainywa akiwa amesimama, akaniuliza kama kuku wake wangepigwa shoti. Nilimwambia kuku hawavai viatu. Alilipa soda, akaondoka na mnyororo wake. Mchana ule wali uliisha kabla ya saa nane.

Dada alikaa na Kobe kwa miaka sita zaidi, hadi alipojenga chumba cha matofali mahali palepale. Fundi wa katambuga alikuja kwangu Jumapili jioni kadhaa kusoma kile kitabu kisicho na jalada, na baadaye akawa hodari kuliko mimi. Mimi mwenyewe nilichoma kijiti changu cha mwanzi. Tangu wakati ule, nikiitwa kwenye kitu kilichoharibika, kwanza namtafuta mtu anayekigusa zaidi kuliko wote, namwamkia, ndipo nafungua daftari.

Mama yule nilimnunulia kandambili nzuri za mpira. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akazitundika kwenye msumari mlangoni.

"Nikizivaa," alisema, "nani atawaambia likianza tena?"

Nilimweleza juu ya swichi, kwamba sasa ndiyo itakayotuambia. Alinisikiliza hadi mwisho. Siku iliyofuata alizivaa.

Hesabu ya juma lile iko kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Tofauti kati ya bei aliyonunulia dada na bei ya mtu wa kuku, 550,000. Msasa, bolti na grisi, 600. Waya, 12,500. Plagi, 800. Swichi, 18,500. Fimbo ya shaba na kibano chake, 6,000. Mkaa na chumvi, 700. Kandambili, 1,000. Tuliokoa shilingi 509,900.